Mikayi wa Maonyesho

Juzi jirani yangu hapa mtaa wa Obunga, Kisumu, alikandika ukuta wa nyumba yake, maana mvua ilikuwa imeuchimba mpaka fito zikaonekana kama mbavu. Alichanganya udongo na mavi ya ng'ombe kwenye karai, akaanza kupaka kwa kiganja. Mimi nilikuwa jikoni kwangu nje, nakaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki viwandani wakishachukua nyama. Harufu ya mafuta ya samaki inajua kufunika kila kitu, lakini siku hiyo haikuweza. Ule udongo mbichi ulinipita puani ukaenda moja kwa moja mahali ambapo sipendi kwenda. Mafuta yakaungua. Mteja mmoja akaniuliza, "Mama, leo unatuuzia makaa?" Nikamwambia asubiri, na sikumweleza kitu. Wewe nitakueleza.

Sikusoma sana. Niliacha darasa la tano, na walioniachisha nitawataja kwa majina, kwa sababu wao walipotaja jina la mama yangu hawakuona haya.

Mama alikuwa fundi wa kukandika. Kule kwetu ufuoni, upande wa Asembo, walimwita Nyar Katito, yaani binti wa Katito, maana huko ndiko alikozaliwa, na kwetu mwanamke hubeba jina la kwao hata akae kwa mume miaka mingapi. Alijua udongo kama mwingine anavyojua nguo. Mwekundu aliutoa kwenye kichuguu, mweupe aliutoa mtoni, na mweusi aliupata kwa kusaga majivu na mkaa. Akimaliza ukuta alichora kwa vidole vyake mawimbi yanayozunguka nyumba nzima, na watu waliopita njiani walipunguza mwendo.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua nikiwa bado sijaota meno ya pili. Alipokufa waliung'oa ule mti mwembamba uliochomoza juu ya paa la nyumba yetu ya nyasi. Mti huo unaitwa osuri. Zamani nyumba ya nyasi kwetu ilikuwa nao, na maana yake haikuhitaji maneno: mwenye nyumba yupo. Akifa, unatolewa, na paa linabaki kama kichwa kisicho na kofia. Kila apitaye anajua ndani mna mjane.

Ogola, ndugu mkubwa wa baba, alitaka kumrithi mama. Jina la kwanza ninalolitaja ni hilo. Alikuja na koti lake la kanisani na maneno matamu, na mama akamwambia, "Shemeji, mimi si baiskeli. Mwenyewe akifa siwezi kuendeshwa na mwingine." Watu walicheka ufuo mzima. Ogola naye alicheka, lakini tangu siku hiyo akipita kwetu alikuwa anaangalia lile paa letu, si sisi.

Wa pili ni Barnaba. Huyu, mtu wa ufuoni kwetu, alikuwa amefanya kazi ya kuhudumu mezani kwenye hoteli moja Kisumu, na huko alikuwa amesikia wageni wakiuliza kila siku nini cha kuona. Walikuwa wakipelekwa kuangalia viboko, wakapelekwa kuangalia mawe makubwa ya Seme, halafu wakamaliza. Barnaba akarudi nyumbani na wazo. Alipewa ruhusa na wazee kutumia kipande cha ardhi ya ukoo kilichokuwa wazi karibu na maji, akajenga pale boma la Mjaluo wa kale, dala kamili: ua wa minyaa, lango, zizi, maghala, na katikati, nyumba inayotazama lango, nyumba ya mikayi. Mikayi ni mke wa kwanza. Dala bila mikayi ni kama mkufu bila shingo.

Mke wake mwenyewe aliishi Kisumu mjini, na alipoambiwa aje avae ngozi mbele ya wazungu alimjibu kwamba avae yeye. Ndipo Barnaba akaja kwetu.

"Nyar Katito, nakutafuta kwa kazi," alisema, amesimama na kitambaa begani kama bado yuko hotelini. "Ukandike nyumba ile, uchore, halafu ukae pale wageni wakija. Unasaga, unapika, unanyamaza. Watoto wacheze tu."

"Kunyamaza hiyo ndiyo ngumu," mama akasema, na alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Alipokuwa akikandika ile nyumba mimi na mdogo wangu Otieno tulikanyaga udongo kwa miguu mpaka ukapanda magotini. Nikisikia harufu ile ni furaha naikumbuka kwanza, nisidanganye. Tulikuwa tunaimba. Udongo ulikuwa baridi chini na joto juu, na ziwa lilikuwa pale pale, linametameta kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Siku ya kuezeka, mama alikuta Barnaba juu ya ngazi ameshika osuri.

"Hiyo ya nini?" akauliza.

"Wageni wanataka kitu kamili, mama. Wameona kwenye picha."

"Hiyo haiwekwi nyumba nitakayokaa mimi. Mume wangu yuko chini ya udongo."

"Ni maonyesho tu. Si kama drama ya shule? Mtoto akivaa taji anakuwa mfalme?"

Fundi wa paa akacheka, na osuri ikasimama. Mama alibaki anaiangalia, mikono yake bado ina udongo. Jioni alimweleza nyanya yetu, mama yake baba, tuliyekuwa tukimwita Dani. Dani alikuwa anachambua omena kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Alisema, "Nyumba haijui mchezo."

Mama alijua. Lakini mahindi ghalani yalikuwa yamekwisha, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimpa kazi.

Wageni walikuja kwa boti kutoka Kisumu, wengine kwa magari kutoka Nairobi. Barnaba alikuwa anavaa ngozi juu ya kaptula, anashika usinga, anakuwa mwenye dala. Saa yake ya mkono aliificha ghalani pamoja na redio, na siku moja redio ikaanza kutangaza habari kutoka kwenye mtama huku anawaeleza wageni kwamba watu wa kale walipata habari kwa ngoma. Akisahau, alikuwa anainama na kuwaambia wageni "karibu mezani," na meza hakuna. Maelezo yake yalibadilika kila wiki. Ghala lile lile lilikuwa la mtama, kisha la mizimu, kisha la mahari. Sisi tulivuliwa ndala na kuambiwa tumwite Baba.

Otieno alimwita Baba kwa sababu alikuwa mdogo. Mimi nilimwita Baba kwa sababu nilipenda. Hilo nalo nilijua, hata wakati ule. Mama alikuwa anapika ugali kwenye chungu, anampelekea kwa magoti mawili, anamnawisha mikono, na wageni wanapiga picha. Mzungu mmoja mwanamke alimwuliza mama kwa Kiswahili safi kuliko chetu kama anampenda mumewe. Mama alikuwa amekatazwa kuongea Kiswahili, watu wa kale hawakuwa nacho, kwa hiyo aliangalia chini. Barnaba akajibu, "Sana. Huyu ndiye mikayi wangu."

Ikawa desturi tukalala pale pale. Barnaba alitaka moshi utoke paani asubuhi boti zikikaribia, na vyungu vilikuwa vinaibwa. Tulilala sote watatu kwenye ngozi moja ya ng'ombe, Otieno upande wa ukuta, mimi upande wa moto. Kwa Dani tulikuwa tunakwenda mchana tu, kula viazi na kugombezwa.

Ufuoni watu walianza kumwita mama "Min Dala", mama wa boma. Mwanzoni ilikuwa utani. Wanawake waliokausha samaki walimwambia, "Wewe unaolewa kila boti ikitia nanga." Yeye akawajibu kwamba harusi zake angalau zina picha. Ogola peke yake hakutania. Alikuja siku moja, akasimama langoni, akaangalia osuri, akaondoka bila salamu.

Halafu gugumaji likaja. Likaziba ghuba yote, kijani kitupu, mpaka ukadhani unaweza kutembea juu yake. Boti zikashindwa kutia nanga, na barabara ile ya vumbi wenye magari waliichoka. Barnaba akarudi Kisumu. Kwa muda tulikaa pale peke yetu kama watu waliosahauliwa kwenye jukwaa, kisha mama akafunga vitu vyake, akatushika mikono, tukarudi kwetu.

Ogola alikuwa ameziba lango kwa miiba.

Ndipo ukawa mkutano, kwenye uwanja wa Ogola, alasiri, wazee kwenye viti vya kanisa vilivyoazimwa. Sisi tulikaa chini na Dani. Aliyeongoza alikuwa Mzee Paulo, mtu mpole. Ogola alisema kwa kifupi. Mke wa ndugu yake ameingia dala ya mwanamume mwingine, amelala chini ya osuri yake, amepika kwenye moto wake. Ametoka mwenyewe. Hawezi kurudi kama mtu aliyekwenda sokoni.

Mama alisema, "Ilikuwa maonyesho. Kila mtu hapa anajua. Muulizeni Barnaba."

Barnaba alikuwa amekuja. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo walipomwua, ingawa aliishi miaka mingi baadaye. Siku zile wapima ardhi walikuwa wamefika ufuoni. Ilikuwa inasemwa kwamba mwenye dala iliyosimama ataandikiwa pale iliposimama. Kipande kile cha ukoo, chenye maji mbele, Barnaba alikuwa anakitaka kuliko mbingu. Akisema ile ilikuwa michezo, basi hana dala, na ardhi inarudi kwa ukoo.

Mzee Paulo akamwuliza, "Bwana, dala ile ni ya kuchezea au ni dala yako?"

Barnaba aliangalia kofia yake. "Dala ni yangu," akasema.

"Osuri aliweka nani?"

"Niliweka mimi."

"Na huyu mama?"

"Mimi nimeulizwa habari ya dala," Barnaba akasema. "Nimejibu."

Wazee wakaguna. Kama dala ni ya kweli, aliyekaa nyumba ya mikayi ni nani? Hata mtoto angeijibu hesabu hiyo. Na mimi mtoto niliijibu, moyoni nikafurahi, kumbe Barnaba ni baba yetu kweli. Lakini hakutuangalia. Alitaka dala iwe ya kweli na mama awe wa uongo.

Mzee Paulo alimhurumia mama. Nakumbuka alivyoinama mbele, sauti yake ikashuka. "Nyar Katito. Pengine waliokuwa wakilala mle ni watoto tu, kulinda vyungu. Wewe jioni ulikuwa unarudi kwako. Sivyo?"

Mama alituangalia mimi na Otieno. Kisha akasema wazi, watu wote wasikie, "Hapana, mzee. Watoto hawakulala mle hata siku moja. Walikuwa wanalala kwa nyanya yao. Ni mimi nililala."

Nilitaka kusimama. Nilitaka kusema si kweli, tulikuwa naye, ngozi ni moja, mimi ni upande wa moto. Vidole vya Dani vilinikamata paja vikafinya mpaka machozi yakatoka. Na Dani, ambaye kwa Biblia yake hakuwahi kusema uongo hata kwa mnunuzi wa kuku, akasema, "Walikuwa kwangu."

Basi wakakata neno. Watoto ni wa marehemu, waingie. Mama arudi alikotoka.

Langoni alitusukuma kwa viganja vyake viwili. "Ingieni," akasema. Otieno akaingia kwa sababu alikuwa anasikia harufu ya chakula. Mimi niligeuka, na mama alikuwa tayari amenipa mgongo. Nikasema moyoni, ametukataa mbele ya watu, sasa anatuacha. Anarudi kwenye ile nyumba nzuri peke yake.

Hakurudi huko. Barnaba alikuwa ameweka mlango na kufuli. Kwao Katito walimpokea kama mgeni, maana binti aliyeolewa hana kona kwao, akabaki kuja Obunga, akajifunza kukaanga mgongo wazi. Mimi nilibaki kwa Ogola nikichota maji ya mifugo yake mpaka shule ikanisahau.

Otieno alipokuwa mkubwa akataka kujenga simba yake, kibanda cha kijana, kwenye ardhi ya baba yetu. Ogola akamwonyesha ua mpya na mtu mwingine analima ndani. Alikuwa ameuza. Aliuza kwa neno la kinywa chake tu, na wazee waliokata neno siku ile wengi walikuwa wamezikwa. Otieno akaenda visiwani kutafuta maisha. Akapotea huko. Hatukupata hata nguo ya kuzika.

Nilikuja Obunga nikamkuta mama kwenye moshi. Nilikaa naye, nikakaanga naye, na sikumwuliza kitu. Nilikuwa namwita "Mama" kama unavyomwita mama yeyote wa sokoni. Yeye aliniita kwa jina langu, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto. Alipokufa, Ogola alisema huyo si wetu. Barnaba alituma mtu kusema hahusiki. Kwetu sisi mwanamke kulala makaburi ya mji, kati ya watu wasiojuana, ni jambo ambalo hata adui humwombei. Alilala huko. Siku zile kibao cha kaburi kilikuwa cha mbao, na mbao ina mwisho.

Dani ndiye aliyenifungua macho, alipokuwa hawezi tena kuamka kitandani. Nilikwenda kumwosha miguu nikamwambia, bila kupanga, kwamba mama alitukataa. Alinitazama kama anaona mjinga.

"Paulo alimfungulia mlango," akasema. "Angepita, nyinyi mngebaki ndani. Watoto waliolala chini ya osuri ya mtu, mama yao hayupo, ni watoto wa nani? Ogola alikuwa anangoja hilo. Otieno angetoka mikono mitupu, hana jina, hana udongo. Mama yako aliona kabla Paulo hajamaliza kusema."

Nikamwosha mguu mmoja mara mbili. Mama alikuwa kaburini tayari, na mimi nilikuwa nimemnyima neno tamu kwa miaka yote aliyonikaangia samaki.

Mwaka jana nilikwenda kuiona ile dala. Imekuwa kitu sasa. Gugumaji hupungua na kurudi, barabara imewekwa lami, kuna bango kubwa la urithi wa utamaduni, na watoto wa Barnaba ndio wenyewe. Watoto wa shule walikuwa pale na wageni wachache. Nyumba ya mikayi imejengwa upya kwa saruji iliyopakwa rangi ya udongo, na mawimbi yamechorwa kwa brashi. Upande wa nyumba, mahali pa kuzikia mikayi, kuna kaburi. Limesakafiwa vizuri, limepakwa chokaa.

Kijana wa kutembeza wageni alikuwa na adabu. "Karibu, mama. Hapa amelala mikayi wa dala hii."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Tunamwita Mikayi tu. Jina hatukuachiwa."

"Na watoto wake?"

Akashusha sauti, kama mtu anayeheshimu msiba wa watu. "Hakujaliwa, mama. Wazee wanasema aliishi nyumba hii peke yake. Hakuna mtoto aliyelala humu."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga tangu Obunga. Nilikuwa nimwambie kijana kwamba kaburi lile ni tupu, na nani ni mwizi, na nani ni mwuaji. Ulimi ulikataa. Nilikuwa nausikia uongo wa mama, bado uko kazini. Ardhi ya baba imeuzwa, Otieno ameliwa na maji, Ogola na Barnaba wote wameoza, na uongo ule bado umesimama langoni kama mbwa ambaye hakuambiwa kwamba wenyewe walikwishahama. Bado unatulinda tusihesabiwe humo. Kijana akanipa kiti.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mama alisema lile neno ili kututoa moyoni mwake. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, ndipo naelewa kwamba alitutoa kwenye nyumba, akabaki humo peke yake kwa miaka hii yote, tasa, hana jina. Sasa hakuna kinachobaki cha kulindwa. Nisikie basi, nawe umwambie mwingine. Alikuwa na watoto wawili. Tulilala mle, sote watatu, na Mama alikuwa katikati.